Mitandio Arobaini ya Samira

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Joubert Park, Johannesburg.

Bakiri kwisha habari yake!

Mambo yako hivi. Samira ni mjane, anauza pilau karibu na stesheni ya Park, na akikukaribisha chai unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Tarehe 29 anamwoza bintiye Chiku. Tuko wawili tunaomtaka: mimi, Vuai wa Makunduchi, muuza mablanketi, na Bakiri wa Tanga, mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Sote katujibu jibu moja. Tumwache amwoze mwanawe kwanza, halafu atasema.

Jana kwenye kikao cha harusi Samira alilalamika. Sare za harusi za Johannesburg zimefanana mpaka mtu hajui yuko harusi ya nani. Anataka wanawake wake wavae mitandio arobaini ambayo mji huu haujapata kuiona.

Bakiri akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema naileta mimi! Kutoka wapi? Siri. Samira akaniangalia kwa jicho ambalo sijaangaliwa nalo tangu nivuke mpaka wa nchi hii.

Siri yenyewe ni Sanatan Meher, mfumaji wa kijijini Odisha, mashariki ya India. Tulikutana mwaka juzi kwenye maonyesho ya kazi za mikono Sandton. Baridi ilikuwa inamtesa, nikampa blanketi. Akaapa kwamba siku nikifika kwao mimi ni mgeni wake. Watu huapa hivyo wakijua hutakwenda. Mimi nakwenda.

Ijumaa, 7 Novemba.

Viza imetoka. Watu wote nimewaambia naenda Durban. Bakiri kaniomba nimletee samaki. Nimemwahidi kilo tatu. Maskini!

Jumatatu, 10 Novemba. Kijijini.

Nimefika. Ndege mbili, treni moja, basi moja, na mwisho pikipiki ya Sanatan. Mgongoni nimebeba blanketi zito lenye picha ya chui, zawadi ya dharura.

Ukimya! Sijui niuandikeje. Nilishuka kwenye pikipiki nikadhani ndege imeniziba masikio. Nikapiga miayo, nikameza mate, nikatia kidole. Wapi. Masikio mazima, ila hakuna kelele ya kusikia. Hakuna honi, hakuna mtu anayeita abiria wa teksi za Bree, hakuna kanisa la ghorofa ya nne lenye spika. Baada ya muda nikaanza kusikia vitu vidogo. Bata bwawani. Mtu anafagia nyumba ya tatu. Halafu tak, tak, tak, kutoka kila mlango. Kila nyumba ina mtambo wa kufumia ndani, na mfumaji kaketi sakafuni, miguu yake imo shimoni inakanyaga.

Nilisimama njiani kama zuzu. Sanatan akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia naangalia mazingira ya biashara. Ukweli ni kwamba machozi yalinilengalenga na sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Novemba.

Nimemwambia Sanatan shida yangu: mitandio arobaini, yote sawa, niondoke nayo baada ya siku nane. Alicheka hadi akatoa miguu shimoni. Halafu akanipeleka uani kwa mkewe, Kuntala, nijionee.

Mimi nilidhani kitambaa hufumwa kwanza, kisha picha hupigwa juu yake. Sivyo! Hapa picha inaingizwa kwenye uzi, kitambaa hakijazaliwa bado. Kuntala kavuta nyuzi nyeupe kwenye fremu, anazifunga vifundo kwa mkono, kimoja, kimoja, mamia kwa mamia. Penye kifundo rangi haiingii. Wanachovya. Wanafungua. Wanafunga kwingine. Wanachovya tena rangi nyingine. Mwisho uzi unakwenda kwa Sanatan, na yeye akifuma, samaki wanajitokeza wenyewe, kila mmoja na jicho lake. Kuntala hana mchoro, hana rula. Nilimuuliza samaki wako wapi sasa hivi. Sanatan akatafsiri. Kuntala akagusa paji la uso wake na kuendelea kufunga.

Nyumba moja hutoa mitandio sita kwa mwezi na nusu. Mwezi na nusu!

Nilikaa pale saa tatu. Nilisahau chai. Nilimsahau hata Samira, naandika hili kwa aibu. Sijapata kuona binadamu ametulia na kazi yake namna ile. Mimi nikikunja mablanketi matano tu naangalia simu.

Baada ya chakula akili ikanirudia. Kijiji kina nyumba saba za wafumaji. Sita mara saba ni arobaini na mbili. Wakishindanishwa, wataharakisha. Sanatan anafuma vizuri, lakini hesabu za uongozi hana.

Jumatano, 12 Novemba.

Asubuhi nimewakusanya wafumaji wote uani kwa Sanatan. Nimehutubia. Nimewaambia nyumba itakayomaliza kwanza itapata zawadi ambayo Odisha nzima haina. Nikalifunua blanketi la chui.

Kosa kubwa!

Kijiji kizima kikaacha kazi kuja kuliangalia. Mitambo yote kimya hadi jioni. Walilipitisha mkono kwa mkono, wakaligeuza nyuma, wakanusa, wakahesabu madoa ya chui. Kuntala aliuliza aliyefunga nyuzi za jicho ni nani. Nikasema hakuna mtu, ni mashine. Akauliza mashine hiyo inakaa kijiji gani, na je, chui ilimwona au ilisimuliwa. Miaka kumi na moja nauza machui Johannesburg, sijawahi kujiuliza.

Mwisho walikubaliana kwamba mashindano hayana maana, kwa kuwa kila nyumba ina samaki wake na hawawezi kufanana. Samaki wa nyumba ya pili ni mnene. Wa nyumba ya tano anatazama nyuma. Yaani hata wangemaliza leo, sare isingekuwa sare! Blanketi wamelitundika ukutani kwa Sanatan, watu waje kwa zamu.

Alhamisi, 13 Novemba.

Siku ya fedheha.

Kwetu mgeni akishamaliza siku tatu ugeni umekwisha. Hangoji kuambiwa, anatafuta kazi. Marehemu mama alinifundisha hivyo kwa kofi. Nami nilikuwa na hesabu yangu: nikimpunguzia Kuntala kazi za nyumba, vifundo vitakwenda mbio.

Nimeamka alfajiri, nimeswali, nimetoka barazani. Lahaula! Unga umemwagika kila mahali. Uani, ngazini, kizingitini, mpaka ndani. Giza halijaisha vizuri, lakini weupe wake ulionekana. Nyayo ndogo ndogo zimeelekea mlangoni; nikasema kuna mtu kaukanyaga unga na kukimbia. Nikachota maji, nikachukua tambara. Nilisugua! Zile nyayo nilizisugua mara mbili. Sakafu ikang'aa. Nikakaa ngazini kusubiri sifa.

Kuntala akatoka, ameoga, nywele mbichi, kashika chombo cha shaba. Akasimama. Akaangalia sakafu. Akaniangalia mimi na tambara langu.

Sanatan alinieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Alhamisi za mwezi huu wanawake huamka kabla ya watu wote, husaga mchele na maji, na kuchora nyumba nzima kwa vidole kumkaribisha mungu wao wa kike wa neema. Nyayo zile ni zake, akiingia ndani. Na mimi nimemkuta mlangoni nikampiga tambara.

Nilitamani ardhi inimeze. Jua likatoka nikaona njia nzima. Kila nyumba imechorwa, mashuke ya mpunga, maua, nyayo nyeupe, kuanzia bwawani hadi mwisho wa kijiji. Nyumba yetu tu ndiyo iliyokuwa tupu.

Kuntala hakupandisha sauti. Alikwenda kusaga tena. Akachuchumaa, akachovya vidole vitatu, akaanza upya kutoka uani. Imani yake si yangu, na la kusema juu ya hilo sina. Lakini mkono ule! Mstari mmoja kutoka mlangoni hadi ngazini, hautetemeki, haurudiwi, na mwisho wake umekuwa ua. Nilitaka kuomba radhi, nikashindwa na maneno ya lugha zote ninazozijua. Nilimshikia chombo tu. Mwishoni alinionyesha kwa kichwa kwamba unyayo wa mwisho niuchore mimi. Nikachora. Umetoka kama kandambili. Akacheka, na moyo wangu ukarudi mahali pake.

Leo hakufunga hata kifundo kimoja. Amefunga kula na amechora nyumba mara mbili kwa ajili yangu.

Jumapili, 16 Novemba.

Mtandao unapatikana juu ya paa la nyumba tu. Nimepanda, nimefungua simu. Bakiri kaweka picha: mitandio arobaini ya rangi ya zambarau, imekunjwa, imefungwa utepe, tayari. Chini kaandika kwamba Durban siku hizi kumbe mbali sana. Akaniachia na sauti: "Eish, Vuai, kaka yangu, hao samaki unawavua mwenyewe?"

Nimeshuka nikiwa na hasira. Uani nikamkuta Kuntala anafungua vifundo vya nyuzi alizozifunga kabla sijaja. Kila kifundo kikifunguka, weupe unachungulia katikati ya wekundu. Kipande cha pezi. Nusu ya mkia. Nikakaa chini. Bakiri alinitoka kichwani mpaka magharibi.

Jumatano, 19 Novemba.

Naondoka. Sanatan anasema arobaini ya nyumba moja, inayofanana, nije mwakani au mwaka ule mwingine. Amenipa mmoja, uliokuwa mtamboni nilipofika. Mwekundu, wenye samaki pembeni. Niliukunja mara nne nikauweka kifuani, ndani ya shati, na ndivyo utakavyosafiri hadi Johannesburg.

Jumamosi, 22 Novemba. Joubert Park.

Nimekwenda kwa Samira na mtandio mmoja badala ya arobaini. Ya Bakiri ilikuwa imepangwa sebuleni kwake hadi kwenye kochi, pa kukaa hakuna. Niliutoa wangu.

Samira aliufungua. Akausogeza dirishani. Akapitisha kidole juu ya samaki mmoja, akageuza upande wa pili, akamkuta samaki yuleyule. Akakaa juu ya mitandio ya Bakiri! Akauliza kwa sauti ndogo: "Vuai, kitu hiki kimefanywaje?"

Nikamweleza vifundo. Nikamweleza rangi. Nilieleza vizuri, nakiri, kwa sababu nilikuwa bado nakiona. Macho yake yakaanza kung'aa. Akauliza ni nani mwenye mikono hiyo.

Jina la Kuntala lilikuwa limefika ulimini. Halafu nikamkumbuka Bakiri na tepe zake.

Nikasema mimi. Nimeufuma mwenyewe.

Jumapili, 30 Novemba.

Harusi imepita. Wanawake arobaini wa zambarau, na katikati yao Samira peke yake na mtandio mwekundu. Hakuna aliyetazama zambarau. Walipanga foleni kuwashika samaki. Samira alimwambia kila mmoja, kwa jina langu kamili, kwamba ni kazi ya mikono ya Vuai. Hata Bakiri alikuja kushika. Alishika muda mrefu, akaniangalia vidole vyangu, akaondoka.

Baada ya wageni kutawanyika Samira kaniita pembeni. Kasema amekuwa na wanaume wengi mbele yake wanaotaka kila kitu leo. Hajapata kuona mwanamume aliyeweza kukaa chini na kitu kimoja hadi kikamilike. Akasema hata ningekuwa nimekaa tu kule na kutazama watu wakifuma, bila kushika uzi, kwake ingetosha kabisa.

Bahati nzuri sikumwambia hivyo! Ningeonekana mvivu.

Jibu lake yuko tayari kunipa. Ila kwanza anataka aje kwangu, akae na kiti chake, anitazame ninavyofunga na kufuma, aone samaki mmoja akitokea. Nikamwambia karibu sana, Jumapili ijayo.

Ijumaa, 5 Desemba.

Watu wepesi wa kukata tamaa wangeingiwa na hofu. Mimi nimepanga. Fremu ya kitanda cha zamani nimeipata mtaa wa Bertrams. Uzi mweupe nimenunua, kwa Bakiri, kwa kuwa ndiye mwenye mzuri. Kaniuliza wa nini, nikasema wa nyavu. Kitabu cha mafunzo sina, lakini nimeshaona kwa macho yangu. Wale wanachukua mwezi na nusu kwa sababu wanaacha kazi kila mara kuangalia vitu.

Tatizo moja dogo ni shimo la miguu, kwa kuwa naishi ghorofa ya sita. Jirani wa ghorofa ya tano ni mtu muelewa, nitazungumza naye kesho asubuhi. Nimebakiwa na siku mbili nzima. Zinatosha.