Boga la Mama Cherehani

Jumatatu, 3 Novemba
Msimu unafungwa Jumamosi na mimi nimeshanusa jambo. Wanachama ishirini tunakula shamba moja. Tulilipia mavuno kabla mbegu haijagusa udongo, na kila wiki kila mtu anabeba kikapu chake. Leo mwenye shamba katangaza kwamba mwakani atabakiza kumi na watano tu, kwa sababu kipande cha juu kitapumzishwa. Majina yatasomwa siku ya kuvuna maboga. Alitangaza huku ananitazama mimi. Kwa nini mimi? Mke wangu anasema nilikuwa nimesimama juu ya tuta la vitunguu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekwenda shambani kwa kisingizio cha kurudisha kikapu. Nimemkuta mwenye shamba ananong'onezana na Mama Cherehani, jirani yetu mshonaji, nyuma ya banda la zana. Waliponiona, wakaachana hatua mbili. Mama Cherehani akaniuliza shemeji hujambo. Hujambo ya mtu mwenye hatia! Huyu mama anapata karoti zilizonyooka tangu msimu uanze. Zangu zina miguu miwili. Nikajifanya naondoka, nikajibanza nyuma ya toroli nikaambulia maneno mawili, nafasi na boga. Yanatosha.

Nieleze, kwa atakayesoma haya nikishafukuzwa. Katikati ya msimu kila mwanachama huchagua boga changa na kulichora alama kwa ncha ya msumari. Boga likinenepa, alama nayo inanenepa, inakuwa kovu la kahawia. Mama Cherehani alichora mstari mmoja, eti sindano. Mimi nilichora msalaba. Sindano yake sasa ina urefu wa mkono wangu. Msalaba wangu unafunikwa na kikombe.

Jumatano, 5 Novemba
Mambo ni wazi. Wenye maboga makubwa watabaki. Hakuna aliyesema hivyo, na hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nikamdokeza mke wangu. Akasema mwenye shamba anaangalia nani alikuja kupalilia. Mimi nilikuja mara moja, mgongo ukanikatalia. Yeye huenda kila Alhamisi. Maskini, wameshamtia kasumba.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimewazidi akili. Sindano ukiikata katikati kwa mstari mmoja inakuwa nini? Msalaba! Nimeingia saa saba mchana, mwenye shamba yuko ndani anakula, mke wangu yuko upande wa mbali anapalilia. Nimetoa msumari, nimekwangua mara moja, kazi imekwisha. Boga langu dogo nikalikata na kulificha ndani ya shati, ushahidi usibaki. Getini nikagongana na Mama Cherehani. Akanitazama tumbo, akanipa pole, akauliza kama nimemwona daktari. Nikamwambia ni gesi. Alikuwa ananichimba.

Ijumaa, 7 Novemba
Mke wangu amelipika lile boga. Tamu sana, lakini sikusema. Alitaka kujua limetoka wapi. Nikasema sokoni. Akauliza mbona lina msalaba. Nikasema ni nembo ya mchuuzi. Akaendelea kula bila kuniangalia. Maswali yake yamezidi siku hizi.

Jumamosi, 8 Novemba
Balaa. Nilikuwa wa kwanza kulikumbatia boga langu. Kumbe mkwaruzo wa juzi haufanani na kovu la miezi! Mstari wa urefu ulikuwa wa kahawia, mkavu. Wa upana ulikuwa mweupe, unatoa utomvu, na sisimizi wamejipanga juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye shamba akaugusa, akanusa kidole, akauliza hii ni kazi ya nani. Wanachama wote wakatazama mfuko wangu. Msumari ulikuwa umetoboa.

Mama Cherehani akasema taratibu kwamba anahama, anakwenda kumsaidia binti yake kulea mapacha. Jumanne walikuwa wanapanga nafasi yake nipewe mimi, maana jina langu lilikuwa karibu kukatwa. Na boga pia nipewe, kwa kuwa langu lilidumaa.

“Ungeniambia tu, shemeji,” akasema. “Lilikuwa lako.”

Niliona aibu. Kisha majina yakasomwa. Langu halimo. La mke wangu limo, la tatu, kwenye nafasi ya Mama Cherehani, kwa sharti kwamba kikapu achukue mwenyewe na mimi niishie getini.

Jumapili, 9 Novemba
Nimelala, nimeamka, akili imetulia. Tujiulize: katika mkasa huu wote, nani kapata nafasi? Nani alikuwa shambani kila Alhamisi, akijipendekeza kwa jembe? Nani alikula ushahidi wangu mezani, kijiko baada ya kijiko? Na mimi nilikuwa namshuku mshonaji wa watu!

Nimemwandikia mwenye shamba barua ya kurasa tatu kumfichulia kila kitu kuhusu mke wangu. Sikuweka jina. Nimesaini “Mwanachama Mwenye Uchungu.” Kwa kuwa mimi siruhusiwi kuvuka geti, nimemwomba mke wangu aipeleke. Amekubali bila hata kuuliza ni ya nini. Hilo nalo nimeliandika pembeni, linatia shaka. Ila bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Hawezi kuifungua bila mimi kujua.