Herufi za Dhahabu kwa Mzee Talha

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Temeke imepata mtaalamu. Mie! Mzee Talha kanikabidhi sebule yake niipambe kwa ndoa ya binti yake Lulu, Jumamosi hii. Sebule nzima! Nina stika za Dubai: mawaridi mekundu na herufi kubwa za dhahabu za kuandika NDOA NJEMA. Unabandua, unabandika, kwisha. Twalib wa brashi, anayeandika majina ya mabucha, aliitaka sana kazi hii. Nikamwambia siku hizi ni soko huria, brashi akapigie mswaki. Akacheka. Wivu mtupu.
La moyoni: posa yangu kwa Naima, mdogo wake Lulu, Mzee kaikalia tangu Ramadhani. Kasema atajibu akishaiona kazi yangu.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimebandika waridi la kwanza. Likakaa! Nikarudi nyuma nilitazame vizuri. Likaanguka. Nyuma yake jeupe pe. Kumbe ukuta ni wa chokaa. Gundi imeshika chokaa barabara, chokaa ndiyo haikushika ukuta. Stika haina kosa, nami nikamweleza Mzee hivyo. Akaguna. Naima alipita na sinia, akasema waridi limesinzia. Ana maneno, yule!

Jumatano, 5 Oktoba
Nimefuta ukuta kwa kitambaa chenye maji. Ukawa uji. Basi nikapitisha rangi ya mafuta juu kwa juu, hukohuko kwenye ubichi. Inang'aa! Twalib kachungulia dirishani, kauliza kama nitaiacha ikauke hadi wiki ijayo. Wiki ijayo! Kwani Lulu anaolewa wiki ijayo? Anataka nichelewe, mshenzi huyu.

Ijumaa, 7 Oktoba
Rangi bado inanata. Bahati iliyoje! Ukuta unanata, stika inanata, itatoka wapi? Baada ya sala nikabandika zote. NDOA NJEMA, toka mlangoni hadi dirishani. Mama Lulu kapiga kigelegele. Mzee kanishika bega, kaniita mwanangu. Mwanangu! Sijawahi kujiona mrefu namna ile. Nikamwita Twalib aje aumie. Akabonyeza N kwa kidole, akakipangusa kwenye suruali, akaondoka. Kaumia.

Jumamosi, 8 Oktoba
Joto kali. Watu wamejaa, udi unafuka, bwana harusi kaketi chini ya maandishi yangu. Nilisimama mlangoni ili watu wajue wa kumpongeza. Shehe anakohoa aanze, nikasikia pwaa! N ya kwanza. Kisha N ya pili, pamoja na gamba la rangi, juu ya kofia ya bwana harusi. Zilizobaki zikashika kwelikweli: DOA JEMA. Na sarufi haina kasoro hata kidogo!
Bi Zubeida, mama wa bwana harusi, akasoma kwa sauti. Akauliza doa hilo ni la nani, la mwanawe au la bibi harusi, maana kama kuna jambo lisemwe kabla shehe hajafungua mdomo. Mama Lulu akaja juu. Jamani, nilidhani ndoa imevunjika! Mzee Talha akainuka taratibu, akaegemea ile D kwa mgongo. Ikasomeka OA JEMA. Watu wakacheka, shehe akafungisha ndoa. Mzee kumtoa ukutani ndiyo ikawa kazi. Tulimbandua watu watatu.
Ila nani aligusa N jana? Twalib. Sisemi kitu.

Jumapili, 9 Oktoba
Mzee kaniita. Kasema Naima mwenyewe ananitaka, sababu yeye haijui, na hawezi kumlazimisha binti. Posa imepokelewa! Kwa sharti moja: nisiguse tena ukuta wa mtu maisha yangu yote. Nikaapa palepale, machozi yananilenga. Sebule kapewa Twalib aipake upya. Aipake tu, maskini, mie nina mchumba.
Mchana nikajilaza chali kitandani, nikikitafakari kiapo changu neno kwa neno. Mzee kasema ukuta. Dari hakuitaja. Kesho naenda Kariakoo kuulizia bei ya stika za nyota.