Jembe la Shangazi Akelo

Jumatatu, 4 Novemba

Mtendaji wa kijiji katangaza mkutanoni. Mgeni yeyote wa nje ya nchi aandikishwe ofisini siku hiyohiyo anayofika. Na anatafuta mgambo mmoja. Atakayemletea mgeni asiyeandikishwa, kazi ni yake. Sare nimeiona, iko kwenye kiti. Saizi yangu kabisa! Kijana mwenzangu Ngosha naye anaitaka, ila ana tumbo.

Jumanne, 5 Novemba

Njia panda ya Usagara toka asubuhi. Mimi siongei sana, ila macho ninayo. Mzungu kashuka kwenye basi. Nikamfuata mpaka gesti kwa Rose. Aibu ikanishika, nikashindwa kumuuliza. Akageuka, akaniuliza yeye, kwa Kiswahili, kama nimepotea. Kumbe kashajiandikisha, na karatasi anayo. Kaninunulia soda. Nimekunywa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempata! Jamaa mrefu, anakula ugali kwa uma, hasalimii mtu. Nimekimbia kwa mtendaji. Kasema huyo ni shemeji yake, wa Songea. Kaniangalia sana. Nadhani kapenda bidii yangu.

Nyumbani Shangazi Akelo kanipikia sato. Alikuja toka Kenya kwenye msiba wa babu, wiki ya tatu sasa. Kasema anayewinda wageni lazima ashibe.

Alhamisi, 7 Novemba

Ngosha kapata mgeni. Kamtoa shambani kwetu. Shangazi!

Mtendaji kaniita. Kauliza mbona huyu sikumleta.

Nikasema, "Shikamoo. Shangazi si mgeni, mzee. Siku ya tatu tulimpa jembe."

Akasema, "Marahaba, Zadok. Hilo jembe lina muhuri?"

Ofisi nzima ikacheka, Shangazi wa kwanza. Kaandikishwa, kapewa onyo, karudi kulima. Njiani kanisema mpaka nyumbani, eti macho yangu yanafika Songea ila jikoni kwetu hayafiki.

Sare kapewa Ngosha. Vifungo viwili havifungi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefikiria. Kosa si langu. Jembe lilikuwa moja tu, ndiyo maana mtendaji hakuelewa. Kila mgeni akipewa lake, wageni wataisha hapa Usagara. Ngosha atamkamata nani? Sare itarudi kwenye kiti.

Nimeazima majembe mawili kwa jirani yetu Nkwabi. Niko njia panda. Yule mzungu anakuja, ananipungia mkono.

Leo siku yake ya nne. Tumechelewa kidogo tu.