Wamarekani Wamenibebesha Mjukuu

Mnero, Nachingwea

Ndugu Mhariri wa redio yetu,

Kwa heshima zote nalalamikia kipindi chenu cha Jumanne asubuhi. Mlisema Wamarekani siku hizi wanachelewa kuoana, wengine hawataki watoto kabisa, na wanaume wanapika na kulea ili wake zao nao wafanye kazi. Sina ugomvi na Marekani. Hata Dodoma sijafika. Lakini mliyatangaza haya mke wangu akiwa anasikiliza.

Yaliyonipata ni haya:

1. Binti yetu Yasmini alikuwa achumbiwe na Hamidi, mchimba dhahabu wa Namungo. Washenga walipokuja aliwapa chai na muhogo, kisha akawaambia warudi akifikisha miaka thelathini na tano, "nikijisikia". Mshenga mkubwa ana miaka sabini na tisa. Aliniuliza kwa upole kama na yeye tumemhesabu kati ya watakaorudi.

2. Mke wangu, Shakila, amepata kibarua cha kupepeta ufuta ghalani Nachingwea. Asubuhi ya kwanza alinikabidhi mjukuu wetu Swalehe, wa miezi kumi, ambaye mama yake, dada yake Yasmini, yuko chuoni Lindi. Nikamwuliza nimfanyeje. "Waulize Wamarekani," akasema, akapanda bodaboda.

3. Mama yangu mzazi, Fatma, ana miaka themanini na sita na Kiswahili hakimwingii sana. Yasmini akamfasiria kipindi chote kwa Kimwera. Akakifikiria kutwa, na jioni akatangaza kwamba naye hazai tena. Tulipompongeza akaongeza kuwa na umama ameuacha, nisimwite Mama. Sasa namwita Fatma, na anaitika vizuri kuliko zamani.

4. Jumamosi nilikwenda mpirani Ruangwa na Swalehe mgongoni, nimemfunga kwa kanga. Jukwaa zima likageuka kututazama. Goli likaingia, hakuna aliyeliona, na mpaka leo watu wanabishana nani kafunga. Lawama napewa mimi.

5. Tetea wangu ameyaacha mayai tisa, anazurura. Jogoo ndiye ameyalalia. Sisemi kuku wanasikiliza redio. Nasema tu kwamba redio iko jikoni, nao wanalala jikoni.

Hivyo naomba muwaandikie Wamarekani, kwa adabu, waanze tena kuoana na kuzaa kabla ya msimu wa korosho, na mtutangazie siku hiyohiyo watakapokubali. Shakila awe wa kwanza kusikia.

Wasalimie watangazaji wote, na yule dada wa hali ya hewa. Fatma anawasalimu, ila amesema si kama mama.

Wako katika malezi,
Ismaily Nampota

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Swalehe ametamka neno lake la kwanza: "Mama." Nikageuka nikidhani Shakila karudi. Hapakuwa na mtu. Mtoto akanishika shavu, akarudia. Ndugu Mhariri, barua hii usiisome hewani. Na Shakila akikupigia simu, mwambie huko Marekani wanawake hawaachi kibarua kabla ya Desemba.