Nyota Moja kwa Majina Arobaini

Jumatatu, 12 Januari
Mji wetu wa Duluth umeganda kwa baridi. Mkurugenzi wa maktaba anataka kompyuta zetu zibaki na matoleo ya programu tuliyoyazoea, zisijisasishe ovyo. Joyce Maki, mwenzangu wa kitengo cha kompyuta, ameanza kuorodhesha programu moja moja. Arobaini! Mimi nimeandika mstari mmoja: kila jina linaloanza na "maktaba", kisha nyota, yaani chochote kinachofuata. Lichukuliwe kwenye ghala letu la ndani la programu. Kipaumbele 1001. Joyce akauliza kama najua kwamba ukipita elfu, mashine hukubali hata kurudi kwenye toleo la zamani. Nikamwambia aendelee na orodha yake.

Jumanne, 13 Januari
Kabla ya kufunga, spika zikasema: "Jamani, zimebaki dakika kumi. Vaeni kofia." Sauti ya Walt Sorvari. Kiti changu kilikuwa chake. Tulimzika Machi mwaka jana.
Wasomaji waliganda pale pale, vitabu mikononi. Nikamwambia mkurugenzi ni waya mbovu.

Jumatano, 14 Januari
Si waya. Ghalani mna programu ya matangazo aliyoitengeneza Walt miaka kumi na tano iliyopita. Nyota yangu imeizoa pamoja na nyingine, na mashine zimeirudia. Ningeitoa, lakini Joyce angejua. Nimepunguza sauti tu.
Leo tangazo lilisema theluji inakuja, tuendeshe polepole. Mbingu ilikuwa nyeupe. Dakika tano baadaye, ikaanza.

Alhamisi, 15 Januari
Dolores, mjane wa Walt, amesikia habari. Alikaa chini ya spika na koti lake. Saa ya kufunga ikafika. "Dolores, nisubiri mlangoni. Nazima taa nakuja."
Akainuka, akaenda kusimama nje kwenye theluji. Nilimfuata, nikamsihi aingie ndani.
"Ameniambia nimsubiri," akasema, bila kunitazama. "Wewe zima taa, mwanangu. Unamchelewesha."
Joyce ndiye aliyemshika bega, akamrudisha nyumbani.

Ijumaa, 16 Januari
Nimekiri. Joyce hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Alisema niizuie programu ile moja tu, kwa kipaumbele hasi, chini ya sifuri, mashine isiiguse kabisa, na niandike jina lake zima. Akarudia: zima.
Jina lenyewe lina herufi ishirini na moja. Nimeandika "m", nikaweka nyota, nikaenda kula.