Mwongozo wa Manispaa kwa Wapiganaji Wanaoanza

Wananchi wa Cerro Candela wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba vita vya mtandaoni, ambavyo kwa miaka mingi vilipiganwa kiholela bila usimamizi wa serikali, sasa vimewekwa chini ya Kamati ya Manispaa ya Wapiganaji Wanaoanza. Mimi ni karani wa Kamati hiyo. Nimepewa kiti, muhuri, na ruhusa ya kuja na mwanangu Killari, mradi asilie wakati wa kikao.

Kamati iliundwa kwa sababu nzito. Meya wetu, Mheshimiwa Teobaldo Huamancaja, alipita kwenye ukumbi wa mtaa wa juu akawakuta akina mama wa jiko la pamoja la mtaa wamekaa kwenye kompyuta za ukumbi, wakicheza ule mchezo wa kushuka kisiwani kwa miavuli na kupigana risasi hadi ibaki timu moja. Walikuwa wanapiga kelele. Walikuwa wanacheka. Hakuna aliyesimama kumwamkia.

"Hawa hawajafundishwa," alisema Meya. "Kompyuta zihamie ofisini kwangu, zikae penye nidhamu."

Mama Herminda, mwenyekiti wa jiko la pamoja, akaweka mwiko chini. "Nidhamu? Baba, wewe hata kuruka kutoka kwenye ndege hujui. Njoo uwanjani tuone."

Ikatungwa sheria ndogo, nami nikaipiga muhuri. Jumapili baada ya misa, watu wanne wa Manispaa wangepigana na watu wanne wa mtaa. Manispaa ikishinda, inachukua kompyuta. Mtaa ukishinda, zinabaki. Na upande utakaoshindwa utahesabiwa kuwa wa wanagenzi, utasoma chini ya washindi mpaka uhitimu. Kipengele hicho cha mwisho aliongeza Meya mwenyewe, kwa kuwahurumia akina mama.

Kwa uwazi unaotakiwa na ofisi, naeleza kwamba ni kwenye kompyuta hizohizo ninakosomea darasa la jioni, na nilikuwa nimebakiza muhula mmoja nipate cheti cha sekondari. Jambo hili halikuathiri utendaji wangu. Nililia nyumbani, nje ya saa za kazi.

Kamati ikakaa kuandaa mwongozo wa timu yetu. Kila mchezaji anajua kwamba anayeanza hatakiwi kusimama peupe. Akimbie kwa kuchepukachepuka, avae visikizio asikie nyayo za adui, na ajaze risasi akiwa nyuma ya ukuta. Nililisema hilo kwa sauti ya chini.

"Binti," akanijibu Naibu Meya Ubaldo, "kiongozi akimbie akichepukachepuka, kaiba kuku wa nani?"

Mwongozo ukatoka umeboreshwa. Mpiganaji wa Manispaa atatembea, maana mbio huleta taharuki kwa umma. Hatamtangulia mkubwa wake. Akimwona adui, atajitambulisha kwa jina na cheo kabla ya kufyatua. Kuhusu kujificha palikuwa na mjadala mkali, ikaamuliwa kwamba kuta za kisiwani ni mali ya umma na hazitatumika kwa usalama binafsi bila kibali.

Jumapili ukumbi ukafurika. Nje mishkaki ya moyo wa ng'ombe ilikuwa inanukia, ndani mchezo ulirushwa ukutani watu wote waone.

Ndege ikapaa. Timu ya mtaa iliruka kama bisi kwenye sufuria. Yetu haikuruka, kwa kuwa Meya alikuwa hajamaliza kuwasalimu viongozi waliohudhuria kwa mpangilio wa vyeo. Alipomfikia Padri, ndege ikamaliza kukipita kisiwa, ikawamwaga wote wanne baharini, pembeni kabisa ya ufuo.

"Tumetua tulipopanga!" alitangaza Meya.

"Na suruali zimelowa mlivyopanga!" akajibu bibi mmoja wa nyuma.

Lakini mtaa nao ulikuwa na yake. Wilder, dereva wa bajaji, aliokota gari kisiwani akawapakia wenzake wawili.

"Wilder, taratibu!"

"Tulia, shangazi, njia hii naijua!"

Hakuijua. Wote watatu waliporomoka na gari hadi chini ya korongo wakafa, bila kufyatua hata risasi moja. Akabaki Mama Herminda peke yake, na hata yeye haonekani.

"Herminda, uko wapi?"

"Niko chooni na sitoki! Msinisemeshe, mtaniua!"

Mmoja kwa wanne. Nilimkumbatia Killari kwa nguvu mpaka akalia, jambo ambalo halikukatazwa, kwani hakikuwa kikao.

Wakati huo Manispaa ilikuwa inatembea kwa mstari, mkubwa mbele. Wakafika kwenye nyumba kubwa nyeupe, imejaa bunduki na dawa. Mchezaji wa kwingine angeingia tu. Lakini Cerro Candela hakuna kinachofunguliwa bila mtu mkubwa kuwa baba wa uzinduzi na kuvunja chupa mlangoni. Hata choo cha soko kilivunjiwa. Bwana Abundio, Mkuu wa Itifaki, akawasimamisha.

"Mheshimiwa, nyumba haijazinduliwa."

"Kweli kabisa. Chupa iko wapi?"

Abundio akapekua begi. "Chupa hakuna. Kuna hii ya chuma, ya mviringo, ina pini ya kuchomoa."

"Inavunjika?"

"Nadhani inavunjika vizuri sana."

Wajumbe wakajipanga mlangoni, kifua mbele, kwa ajili ya picha. Meya akarudi nyuma kwa heshima, akatoa maneno machache kuhusu maendeleo, akairusha.

Ilivunjika.

Moshi ulipotulia, Manispaa ilikuwa ni Meya peke yake. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. "Hongera, baba! Uzinduzi umefana!"

Nyuma yake ukuta wa moto, ambao kwenye mchezo ule huzunguka kisiwa na kukibana polepole, ulikuwa unakuja.

"Mheshimiwa, kimbia!" nilisema, kwa kuwa mimi ni mtumishi mwaminifu.

"Moto huu umeidhinishwa na nani?"

"Ni wa mchezo, Mheshimiwa."

"Usubiri. Naitisha kikao."

"Wajumbe tumekufa," Ubaldo alimkumbusha kutoka kiti cha jirani. "Akidi haitimii."

Meya akatafakari. "Basi kisheria hauwezi kupita." Akasimama wima, akiutazama.

Moto ulipita.

"Nani kafa?" ilisikika sauti ya Mama Herminda. "Mbona hapa imeandikwa nimeshinda?"

Kamati inaitangaza siku hiyo kuwa ya mafanikio. Kompyuta zimebaki. Darasa la jioni linaendelea, nami niko kwenye hesabu za sehemu, Killari amelala mapajani. Kompyuta ya pili kutoka yangu anasoma Meya, maana sheria ndogo ina muhuri na muhuri ni wangu.

"Somo la kwanza," Mama Herminda alimwambia, "ogopa. La pili, kwa kuwa kulenga huwezi, utakuwa mbeba dawa. Ukiitwa, njoo."

"Nikiitwa na nani, mama?"

"Na yeyote."

Jioni hiyohiyo, mchezoni, Wilder alipigwa risasi karibu na kisima. "Teobaldo! Nimeumia huku!"

"Nakuja, kijana wangu, nakuja!"

Katika taarifa ya Kamati nimeandika kwamba, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, mkazi wa mtaa wa juu alimwita Meya, na Meya akaja papo hapo, mbio, dawa mkononi.