Kisanduku Changu ni Cheupe

Jumatatu, 4 Machi

Daftari jipya. Naandika kwa herufi kubwa, ndizo tunazoelewana nazo. Mimi ni fundi rangi mstaafu, miaka arobaini na mmoja kwenye ngazi. Hakuna nyumba ya maana katika mji huu ambayo sijaipitisha brashi. Kama ipo, basi si ya maana.

Leo binti yangu muuguzi amekuja na karatasi kubwa kama shuka, akaitandaza juu ya meza ya chakula, chai yangu ikahamishiwa dirishani. Huyu binti kazi anafanya na shule anasoma, mtu na umri wake. Anasomea mambo ya kurithi, vitu vinaitwa jeni. Havionekani, ila vinatoka kwa wazazi vinaingia kwa watoto bila kupiga hodi. Kozi yenyewe inakuja vipande vipande, kila kipande wanakiita moduli. Jumamosi moja moja darasani pale hospitali, siku nyingine zote kompyuta. Wenzake ni wauguzi, wafamasia na mtu wa maabara. Wote wana miwani na wote wanasinzia, kwa maelezo yake.

Kazi ya moduli hii: achore ukoo wake mwenyewe. Mwanamume ni kisanduku, mwanamke ni duara. Mwenye kasoro anajazwa wino mweusi, asiye nayo anabaki mweupe. Kasoro aliyoichagua ni ya macho, ya kutotenganisha nyekundu na kijani. Ameichagua kwa ajili ya mwanawe. Mjukuu wangu ana miaka kumi na tisa, na mwezi uliopita chuo kilimkataa ufundi umeme. Walimpima macho, wakamwambia waya mwekundu na waya wa kijani kwake ni pacha. Tangu siku ile anakula akitazama ukuta.

Binti akaeleza kwamba mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Na mama yake ameipata ama kwa baba yake, ama upande wa mama yake. Yaani ama imetoka kwangu, ama imetoka kwa ndugu za mke wangu. Karatasi inatakiwa Jumamosi. Asipofaulu, atangoja mwaka mzima moduli irudi, na nafasi yake kwenye kliniki mpya ya magonjwa ya kurithi anapewa mwingine.

Nikamwambia asijichoshe. Fundi rangi asione rangi? Ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Kisanduku changu ni cheupe pe. Amwandike mjomba wake.

Mjomba wake ni shemeji yangu, fundi cherehani. Mtu mwembamba, maneno mapana.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akakohoa. Sikukipenda kile kikohozi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Wa hali ya juu.

Shemeji anapanga nyuzi zake ukutani, kila rangi na msumari wake. Nyekundu huwa msumari wa tatu, kijani wa nne. Najua, nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi. Nikabadilishe. Yeye ashone gauni la mtu kwa uzi usio wake, mteja apige kelele, binti apate ushahidi, kisanduku cha mjomba kipakwe wino. Kazi imekwisha.

Nikaenda dukani kwake, na alipoingia ndani kuleta chai, wa tatu nikaupeleka wa nne, wa nne nikauleta wa tatu. Nikakaa. Nikatazama barabara kama mtu anayengoja mvua.

Alirudi, akaweka vikombe, akatazama ukuta. Akanishukuru. Alisema kuna mteja jana alizishikashika akazirudisha ovyo, nyekundu na kijani zikapishana, naye toka asubuhi anaona uvivu kuinuka. Akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana kuiona mikononi mwangu tangu ule mlango.

Haachi ule mlango. Siku binti yangu alipozaliwa, mke wangu yuko wodini, mimi nikamalizia mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Nusu kijani, nusu nyekundu. Ulikuwa mtindo. Watu wa hapa walikuwa hawajafikia mtindo. Shemeji alifunga duka kwenda kuutazama.

Chai yake ilikuwa haina sukari ya kutosha.

Jumatano, 6 Machi

Binti amesema kesho atanipima. Ana kitabu cha madoa. Unaonyeshwa ukurasa, unataja namba iliyomo.

Akaenda zamu, kitabu akakiacha mezani. Nikakifungua. Ukurasa wa kwanza kumi na mbili, inaonekana kama nyumba iliyopakwa chokaa. Nikajipongeza. Ukurasa wa pili madoa. Wa tatu madoa. Wa nne madoa, kama ukuta uliopakwa na mlevi. Uchapaji wa siku hizi hafifu sana.

Muuza mboga akapita chini ya dirisha na beseni lake. Nikamwita, nikamwambia miwani yangu imevunjika, anisomee. Akauliza, na hiyo iliyo juu ya kipaji cha uso, babu? Nikamwambia hiyo ni ya mbali. Akatua beseni, akasoma kurasa zote kumi na moja, akiniuliza kila mara kama hii ni bahati nasibu. Nikaziandika nyuma ya daftari hili. Kumi na mbili, nane, ishirini na tisa, tano, sabini na nne, na kuendelea.

Mchana mzima nimezitembeza kichwani. Mke wangu akauliza kwa nini nahesabu kuku ambao hatuna.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi!

Binti akakaa mbele yangu, akafungua. Kumi na mbili, nikasema, kwa sauti yangu ya siku zile za kandarasi. Akafunua. Nane. Kabla ya wa tatu simu yake ikalia, ni wodini, akatoka nje kuongea. Sikutaka kupoteza mwendo, kitu cha kukariri ukikiachia njiani kinamwagika. Nikaendelea. Aliporudi nilikuwa nimemaliza kitabu na nimekunja mikono. Mke wangu alikuwa mlangoni, akashuhudia kwamba kweli, zote amezitaja, hajaacha hata moja.

Binti akanitazama kidogo. Lakini kisanduku changu kimebaki cheupe.

Jioni akampima mjomba wake. Alisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mkwe, lakini akazipata zote. Naye mweupe. Hapo binti akashika kichwa. Akasema basi huenda kasoro imepita kwa mama, kimyakimya. Mwanamke anaweza kuibeba bila yeye mwenyewe kusumbuka. Mtu wa namna hiyo duara lake linawekwa nukta katikati.

Mke wangu akauliza, hiyo nukta ni yangu? Binti akamwambia, labda, mama. Mke wangu akasogea, akaitazama ile nukta, kisha akanitazama mimi. Tuna miaka arobaini na minne ya ndoa, na sijawahi kuona maneno mengi hivyo machoni mwake.

Na mjukuu akasema, kwa hiyo hakuna mwingine. Ni mimi tu.

Nikaona nitoke nje nikague uzio.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu wa kozi ametazama mchoro kwenye kompyuta. Ni daktari, mwanamke, kijana kuliko binti yangu. Amesema nukta ya labda haitoshi, na mchoro usio na uhakika hataupitisha. Tena akauliza, mzee gani huyu anayemaliza kitabu kizima kwa muda wa simu moja. Kesho niende darasani anipime yeye.

Binti alinieleza kwa uso wa mtu asiyelala. Akasema, baba, nakuomba. Hakumalizia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wataalamu huwa tunaitana.

Mke wangu amenipigia pasi shati. Akiwa anakunja kola, akaniambia makopo yangu ameyabeba miaka yote na hajawahi kulalamika. Ila nukta yangu haibebi.

Hapa lazima nieleze, kwa kuwa daftari halisomwi na mtu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniandikia makopo. N ya nyekundu, K ya kijani, mbele na juu ya kifuniko. Ndizo herufi zangu za kwanza, nilizijua kabla ya jina langu. Siku ya ule mlango alikuwa wodini, makopo yakabaki bila herufi. Ndiyo hivyo tu. Hilo si kosa la macho. Viwanda ndivyo vinavyotengeneza rangi zinazofanana.

Namba zote bado zimo kichwani. Nimezijaribu mbele na nyuma.

Jumamosi, 9 Machi

Darasa liko ghorofa ya pili ya hospitali, nyuma ya maabara. Viti vya plastiki, ubao mweupe, feni inayozunguka kwa huruma. Wanafunzi kumi na wanne, wengine bado na sare za zamu. Ukuta mzima umebandikwa mikaratasi ya koo za watu. Nimeikagua. Mistari mingi imepinda.

Nilijitambulisha kuwa mtaalamu wa rangi. Wakapiga makofi. Shemeji naye alikuwepo, kajialika, kakaa mstari wa mbele na suti aliyoishona mwenyewe, na inaonekana.

Mwalimu akafungua kitabu. Kumi na mbili, nikasema. Akafunua. Nane. Akafunua tena. Ishirini na tisa. Akaniambia kwa upole sana, mzee wangu, nimeanzia mwisho. Huu wa kwanza ni ukurasa wa mchapishaji, na huo uliofuata hauna kitu.

Wakacheka. Hata yule wa maabara aliamka. Mimi kucheka kwa watu hakunisumbui, nimeanguka kwenye ngazi mbele ya harusi nzima. Lakini binti yangu alikuwa ameinamisha uso kwenye daftari lake. Na kule nyuma mjukuu hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, shingo imeingia mabegani. Shingo ile naijua. Ilikuwa yangu, siku ya mlango, shemeji alipokuwa anawaita watu waje kuona.

Nikasimama. Nikasema kisanduku kile pale ukutani ni mali yangu, na mimi ni fundi, hakipakwi na mtu mwingine nikiwa hai. Nipeni kalamu nyeusi.

Mjukuu akainuka, akachagua kwenye kalamu za mwalimu, akaniletea. Nyeusi hii hapa, babu.

Nikapaka. Pembe kwanza, kisha katikati, mkono mmoja tu, bila kutoka nje ya mstari. Kisanduku cha mjukuu nacho nikakipaka upya kwa kalamu ileile, viende sawa. Kisha ile nukta ya mke wangu nikaiziba kwa kipande cha karatasi na gundi. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi. Safi.

Darasa zima likaitazama ile karatasi.

Shemeji ndiye aliyesema. Shemeji, hiyo ni nyekundu. Nyekundu pyu.

Nikamtazama mjukuu. Mjukuu akanitazama. Akauliza kama mimi nimeona nyeusi. Nikamwambia nyeusi tititi. Akasema hata yeye. Akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akakalia kiti cha mwalimu, na mimi nikacheka kwa sababu alikuwa anacheka, na binti yangu alikuwa anafuta macho kwa karatasi za ukoo wa mtu mwingine.

Mwalimu akasema miaka yote ya kufundisha moduli hii hajapata ushahidi ulionyooka namna hii.

Jumatatu, 18 Machi

Binti amefaulu. Kliniki wanampokea. Mwalimu ameomba karatasi yetu ibaki ukutani kufundishia moduli zijazo. Kati ya koo zote mle ndani, wa kwetu peke yake una rangi. Nimeuliza kama inawezekana kisanduku changu kiongezwe ukubwa kidogo, mimi nikiwa ndiye chanzo. Binti anasema vyote hulingana. Nitaandika barua.

Mjukuu anaanza ufundi bomba mwezi ujao. Maji hayana rangi. Bibi yake amekaa naye sebuleni siku mbili akimwandikia herufi kwenye vifaa vyake, M ya moto, B ya baridi, mbele na juu. Mjukuu sasa anakula akitutazama sisi.

Nimepita kwa shemeji kumjulisha kwamba macho yangu ni ya urithi, yameandikwa hospitali. Ya kwake ni ya kawaida tu, kama ya kila mtu. Ameguna kwa heshima. Au alikuwa na sindano mdomoni.

Mke wangu nimemwomba radhi kwa ile nukta. Amesema sawa. Halafu akakohoa.

Binti ameanza moduli mpya. Presha ya damu ndani ya ukoo. Ameleta karatasi nyingine, visanduku vilevile, na ameanza kuuliza kama nikisimama ghafla huwa naona kizunguzungu. Nimemwambia mtu mwenye presha hawezi kupanda ngazi miaka arobaini na mmoja. Kisanduku changu safari hii ni cheupe, aweke kalamu chini. Mjomba wake ndiye wa kumtilia shaka, ona anavyokasirika haraka.

Ijumaa natakiwa kwa mwalimu kupimwa. Muuza mboga dada yake anafanya kazi zahanati, leo asubuhi ameniletea jibu lililo zuri. Safari hii namba ni mbili tu, kazi ya mtoto. Mia na ishirini juu, themanini chini. Nitazitaja mapema, kabla kile kitambaa hakijaanza kubana mkono.